Jinsi ya kuisoma safari ya Mmarekani anayecheza kikapu Ulaya bila kukurupuka kusema "huyu alifeli"

Kila mwaka drafti ya NBA, ile siku timu zinachagua vijana wapya kwa zamu, ikiisha watu wanabishana wiki nzima kuhusu waliochaguliwa, halafu kimya, kama vile wale ambao hawakuitwa wameyeyuka. Hebu piga hesabu kidogo. NBA ina timu 30, kila timu ina wachezaji 15 wa mkataba kamili na watatu wa ule mkataba wa njia mbili, yaani wa kupanda na kushuka kati ya NBA na G League, ligi yake ndogo. Jumla nafasi 540, na wengi waliozikalia hawana mpango wa kunyanyuka. Upande wa pili kuna vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza, kila kimoja na kikosi cha watu kumi na kitu, na kila mwaka vinamwaga vijana sokoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mzuri kinoma na bado asipate kiti, sio kwa sababu hajui mpira, ila viti vimeisha.

Hapo ndipo Ulaya inapoingia, na hapo ndipo mashabiki wengi wanapoanza kuongea pumba. Unafungua wasifu wa jamaa unakuta timu tisa, nchi sita, msimu mmoja ana pointi 19 unaofuata ana 8, unasema ameshuka. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake kabisa, alikuwa anapanda. Sasa twende taratibu, nikuonyeshe naangalia nini na kwa mpangilio gani.

Anza na ngazi, pointi baadaye

Swali la kwanza sio "alifunga ngapi", ni "alifunga wapi". Juu kabisa kuna EuroLeague, ilikuwa na timu 18 na kuanzia msimu wa 2025-26 zimekuwa 20, zinakutana zote nyumbani na ugenini, yaani mechi 38 kabla hata ya playofu. Chini yake kuna EuroCup, ambayo ni ya waendeshaji walewale, na kuna Champions League ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliyoanza 2016, hizi mbili zinagombania ngazi ileile na watu wanabishana ipi ngumu. Chini tena FIBA Europe Cup. Ukiona hapo kuna mashindano ya bara manne usishangae, FIBA na EuroLeague wana ugomvi wao wa tangu mwaka 2000 na haujaisha mpaka leo.

Pembeni ya hayo kuna ligi za nchi, na hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu mchezaji mmoja anacheza zote mbili kwa wakati mmoja: katikati ya wiki yuko EuroLeague, wikendi yuko kwenye ligi ya nyumbani. ACB ya Hispania wengi wanaiona ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu hata timu ya mkiani inakusumbua. Uturuki, Italia, Ujerumani, Ufaransa, hizo zote nzito. Ugiriki ina Panathinaikos na Olympiacos halafu kuna pengo. Halafu kuna ABA, ile ya nchi zilizokuwa Yugoslavia zimeungana wakacheza pamoja, na Lithuania ambako kikapu ni kama dini. Chini ya hapo ndiyo kuna madaraja ya pili ya Italia, Hispania, Ufaransa na Ujerumani, na usiyadharau hata kidogo, utaona sababu.

Kanuni yangu ni rahisi: kati ya pointi 20 kwenye ligi ndogo na pointi 9 EuroLeague, nampa heshima yule wa 9. Wakati mwingine ni mtu yuleyule, miaka mitatu baadaye.

Mfano mzuri kuliko wote wa siku hizi ni TJ Shorts. Jamaa ana urefu wa mita 1.75 hivi, ametoka chuo cha UC Davis, hakuchaguliwa na mtu. Akaanzia Ventspils kule Latvia msimu wa 2019-20. Akaenda Hamburg, akaenda Crailsheim, zote Ujerumani, timu ambazo shabiki wa kawaida hajawahi kuzisikia. Msimu wa 2022-23 akatua Bonn, wakabeba Champions League ya FIBA na yeye akawa mchezaji bora wa mashindano. Msimu uliofuata Paris, wakabeba EuroCup, tena yeye ndiye bora. Paris wakapanda EuroLeague, akaingia kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima, na 2025 Panathinaikos wakamchukua. Ukimsoma kwa kuhesabu timu utasema hatulii. Ukimsoma kwa ngazi unaona mstari unapanda tu, kila mwaka hatua moja, na hakuna hata mwaka mmoja aliorudi nyuma.

Sasa chukua karatasi, au noti za simu, andika timu zake zote kwa mpangilio, mbele ya kila timu andika alicheza mashindano gani ya bara msimu huo. Ukimaliza utaona mwenyewe kama mstari unapanda, umelala, au unashuka. Hiyo peke yake inamaliza nusu ya ubishi.

Namba za Ulaya zinasomwa kwa macho mengine

Mechi ya Ulaya ni dakika 40, ya NBA ni 48. Faulo tano unatoka, sio sita. Na timu kubwa zina wachezaji kumi mpaka kumi na wawili ambao kocha anawatumia kweli, kwa hiyo staa anacheza dakika 25, 28, basi. Ndiyo maana mfungaji bora wa EuroLeague mara nyingi hafikishi hata wastani wa 20. Pointi 15 kwa mechi pale ni mtu mkubwa sana.

Kuna na sheria zenyewe. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, wa NBA juu pale ni 7.24, kwa hiyo uwanja unabanana. Halafu hakuna ile sheria ya beki kukaa sekunde tatu ndani, senta mkubwa anaweza kusimama chini ya ringi siku nzima akikusubiri, na Mmarekani aliyezoea kupenya kama kisu anafika pale anakuta ukuta. Mpira ukishagusa ringi mtu yeyote anaweza kuupiga utoke. Taimauti anaomba kocha tu, mchezaji hawezi, mbili kipindi cha kwanza na tatu cha pili. Na waamuzi wa huku wana macho makali kwenye kuanza dribo, ukinyanyua mguu kabla mpira haujatoka mkononi unaitiwa hatua, na wiki za mwanzo Wamarekani wapya wanaitiwa hizo mpaka wanakasirika. Kwa hiyo ukiona Oktoba na Novemba jamaa ana mipira mingi aliyopoteza, mpe muda mpaka Januari ndiyo umhukumu.

Kuna namba moja ya Ulaya ambayo lazima uijue, ni ile indeksi wanayoiita PIR. Unajumlisha mazuri yote: pointi, ribaundi (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi zilizozaa kikapu), mipira aliyoiba, bloku alizopiga, na faulo alizochezewa. Halafu unatoa mabaya: mitupo aliyokosa, fri-thro alizokosa, mipira aliyopoteza, bloku alizopigwa, na faulo alizofanya. Inayobaki ndiyo indeksi yake. Sio namba kamilifu, haioni mtu anayekaba vizuri bila kugusa mpira, ila mambo mengi yanahesabiwa nayo, mpaka mchezaji bora wa wiki. Uzuri wake inambana mtupaji hovyo: pointi 22 kwa mitupo 21 indeksi inaweza ikasoma 9, na hapo unaelewa kwa nini kocha alikuwa amenuna.

Kitu kingine ambacho NBA hakina uzito hivyo kwenye msimu wa kawaida: tofauti ya pointi. Timu zikilingana ushindi EuroLeague wanaangalia mechi zao mbili walizokutana, na kama kila mmoja alishinda moja wanaangalia nani alishinda kwa pointi nyingi. Kwa hiyo unaweza kuona timu inaongoza kwa 11, sekunde zimebaki 8, na bado inakimbia kufunga kama iko nyuma, mgeni anashangaa. Mmarekani anayeshika mpira na kuacha saa iishe kwa heshima, kama alivyozoea kwao, anaweza kupigiwa kelele na kocha wake mwenyewe mbele ya watu elfu kumi na tano.

Ukitaka kujua kiwango cha juu kabisa cha kufunga kiko wapi, Shane Larkin alimwaga 49 dhidi ya Bayern mwezi Novemba 2019 akiwa na Anadolu Efes ya Uturuki, watu wakasema hii haivunjwi leo wala kesho, na Nigel Hayes-Davis wa Fenerbahçe akapiga 50 dhidi ya ALBA Berlin mwezi Machi 2024. Wote wawili Wamarekani. Na tuzo yenyewe ya mfungaji bora wa EuroLeague ina jina la Mmarekani, Alphonso Ford, mtu wa Mississippi aliyefunga mpaka basi akiwa Ugiriki na Italia, akafariki kwa saratani ya damu mwaka 2004. Huko NBA alicheza mechi chache tu hata humkumbuki, Ulaya tuzo inatembea na jina lake kila mwaka.

Pasipoti ni namba ya tatu, na wengi wanaisahau

EuroLeague yenyewe haina kikomo cha uraia, hata wote 12 wakiwa Wamarekani ni sawa. Ila ligi za nchi zina vikomo, na kila nchi ina hesabu yake. Ujerumani mfano, kikosi cha mechi cha watu 12 lazima sita wawe Wajerumani. Hispania inabana wale wanaotoka nje ya Ulaya na inataka idadi fulani ya waliolelewa kwenye akademi za hapohapo. Italia nayo ina mchanganuo wake wa wageni na wenyeji.

Matokeo yake ni kwamba Mmarekani mwenye pasipoti ya pili ana thamani zaidi ya Mmarekani mwenzake mwenye kipaji kilekile. Bibi yake alikuwa Muitaliano au Mgiriki? Klabu zitampigia simu haraka. Kuna wengine wanapewa uraia na nchi kwa ajili ya timu ya taifa, na FIBA inaruhusu mmoja tu kwa timu wa aina hiyo, wale waliopata uraia baada ya kutimiza miaka 16. JR Holden, mtoto wa Pittsburgh, ndiye aliyeifungia Urusi kikapu cha ushindi kwenye fainali ya EuroBasket 2007 dhidi ya Hispania, 60 kwa 59, tena Madrid, nyumbani kwa watu. Bo McCalebb aliibeba Makedonia mpaka nafasi ya nne 2011, nchi ya watu milioni mbili. Lorenzo Brown akapewa uraia wa Hispania 2022, kelele zikawa nyingi, wiki chache baadaye akawa bingwa wa Ulaya na kelele zikapoa. Larkin ana uraia wa Uturuki, na huyo TJ Shorts niliyemsema juu ana pasipoti ya Makedonia Kaskazini.

Kwa hiyo ukimwona jamaa wa kiwango cha kati anakaa klabu kubwa miaka na miaka, kabla hujasema ana bahati, angalia kwanza anahesabiwa kama nani kwenye ligi ya nyumbani. Mara nyingi jibu liko hapo.

Mkataba, maana hapa ndipo maisha yenyewe yalipo

Hela ya Ulaya inatajwa tofauti. Mshahara unaotangazwa mara nyingi ni wa mkononi, kodi inalipwa na klabu, wakati ule wa Marekani unaousoma kwenye habari ni kabla ya kodi na kabla ya ajenti. Kwa hiyo usilinganishe namba mbili kichwa kichwa. Juu ya mshahara kuna nyumba, mara nyingi gari, tiketi za ndege za kwenda na kurudi kwa ajili ya familia, na bonasi za ubingwa. Ajenti naye kwa kawaida analipwa na klabu, asilimia kama kumi hivi juu ya mshahara. Mchezaji wa G League anaweza akapata mara kadhaa ya mshahara wake kwa kukubali tu kupanda ndege, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wengi kuondoka, tuache mapambo.

Upande wa pili wa shilingi, klabu nyingine hazilipi kwa wakati. Sio zote, zile kubwa zinalipa kama saa, ila huko chini kuna stori za mishahara ya miezi miwili mitatu kukaa. Ndiyo maana FIBA ilianzisha mahakama ya usuluhishi mwaka 2007, leo inaitwa BAT, makao yake Geneva. Mkataba ukiwa na kipengele chake, mchezaji anapeleka kesi pale, na klabu ikishindwa na bado ikakataa kulipa FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya. Hukumu zao nyingi zinawekwa mtandaoni na kwa mtu anayependa kujua mikataba ilivyo ndani, huo ni usomaji mtamu kuliko tetesi zozote, unaona kabisa nyumba ilikuwa ya vyumba vingapi, bonasi ya kufika nusu fainali ilikuwa kiasi gani na nani alimdanganya nani.

Vipengele vya kuangalia ukisikia mtu amesaini ni vitatu hivi. Kama hela imehakikishwa msimu mzima au ni ya majaribio. Kama kuna dirisha la kutoka kwenda NBA majira ya joto, kwa kawaida lina tarehe yake ya mwisho na bei yake. Na vipimo vya afya, maana mkataba mwingi haujaanza kuhesabika mpaka daktari wa klabu aseme yuko sawa, ndiyo maana kuna usajili unatangazwa Jumatatu na kufutwa Alhamisi, sio uongo wa waandishi.

Kuhusu timu nyingi kwenye wasifu

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu inayoonewa sana. Mikataba mingi ya Ulaya ni ya mwaka mmoja, Agosti mpaka Mei au Juni, na kwisha. Klabu inabadilisha kocha, bajeti inapungua, inashuka daraja (ndiyo, huku timu zinashuka), inabeba kombe na kila mtu anapanda bei hawezi kubakishwa tena. Mchezaji akiwa na timu sita kwa miaka sita hajafukuzwa mara sita.

Kuna pia mikataba ya mwezi mmoja au miwili. Mtu ameumia, klabu inatafuta wa kuziba pengo, anakuja Mmarekani anacheza mechi saba, aliyeumia anapona, mgeni anafunga begi. Ukiona kipindi kifupi katikati ya msimu, tafuta kwanza nani alikuwa majeruhi. Kama hakuna majeruhi, tafuta kocha alifukuzwa lini. Kama kocha hakufukuzwa, hapo sasa ndiyo uanze kuwaza kwamba labda jamaa mwenyewe ndiye tatizo.

Halafu kuna mapengo ambayo hayamhusu mchezaji kabisa. Msimu wa 2019-20 wa EuroLeague ulifutwa kwa korona bila bingwa, Efes walikuwa wameshinda 24 na kupoteza 4 na Larkin alikuwa moto wa kuotea mbali, kwenye wasifu wake hapo hakuna kombe, wala hakuna kosa. Walirudi wakabeba 2021 na 2022 mfululizo. Mwaka 2022 klabu za Urusi zilisimamishwa EuroLeague na Wamarekani wengi wakaondoka katikati ya msimu, kwa hiyo ukiona mtu alikuwa CSKA, Zenit au UNICS akahama ghafla mwezi Machi mwaka ule, huhitaji kuuliza sababu.

Sasa mchukue Kyle Hines umsome kwa macho haya. Chuo kidogo, UNC Greensboro, hakuchaguliwa 2008. Senta mwenye mita 1.98, NBA hawakuona cha kufanya naye. Akaanzia Veroli, daraja la pili Italia, ndiyo maana nilisema usiyadharau. Kisha Bamberg Ujerumani, mataji. Kisha Olympiacos, EuroLeague 2012 na 2013. Kisha CSKA, EuroLeague 2016 na 2019. Akamalizia Milano, na tuzo ya beki bora wa EuroLeague alipewa mara tatu. Vikombe vinne vya EuroLeague, mtu ambaye hajacheza hata dakika moja ya msimu wa NBA. Na ukiangalia pointi zake peke yake utakuta za kawaida tu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaba kila mtu kuanzia pointigadi mpaka senta, kazi ambayo ile indeksi niliyoisema haiioni vizuri. Kwangu mimi huyu ndiye Mmarekani aliyefanikiwa kuliko wote Ulaya kwenye kizazi chake, bishaneni.

Na wanaorudi NBA je

Swali hili linaulizwa kama mtihani, kwamba usiporudi umefeli. Wapo waliorudi na wakang'aa. PJ Tucker alichaguliwa 2006, akaachwa, akazunguka Israeli, Ukraine, Ugiriki, Italia, Ujerumani, akarudi Phoenix 2012 na 2021 akavaa pete ya ubingwa na Milwaukee. Anthony Parker alikuwa mchezaji bora wa EuroLeague mara mbili mfululizo akiwa na Maccabi Tel Aviv, 2005 na 2006, kisha Toronto wakamrudisha. Hayes-Davis naye baada ya kubeba EuroLeague 2025 na tuzo ya mchezaji bora wa fainali akasaini Phoenix. Brandon Jennings alifanya kinyume, aliruka chuo 2008 akaenda Roma akiwa kijana wa miaka 18, hakucheza sana kule, na bado Milwaukee wakamchagua namba 10 mwaka uliofuata. Siku hizi njia hiyo imefifia, kwa sababu tangu 2021 wanafunzi wa vyuo wanaruhusiwa kuingiza hela kwa majina yao, na sasa vyuo vyenyewe vinalipa, mpaka vijana wa Ulaya ndio wanavuka kwenda huko.

Ila wapo waliorudi wakaona bora wasingerudi, na hili mashabiki hawalielewi. Mike James alijaribu Phoenix 2017, akajaribu Brooklyn 2021, mara zote mbili Ulaya ndiyo ilikuwa inamlipa na kumpa mpira mkononi. Huyu alianza chini kabisa, Zagreb, Israeli, madaraja ya chini Italia, kisiwa cha Rhodes, kisha Baskonia ya Hispania ndipo watu wakamjua. Mwaka 2024 akiwa Monaco akampita Vassilis Spanoulis na kuwa mfungaji bora wa muda wote wa EuroLeague, na akachukua tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Kendrick Nunn alikuwa anaanza kwenye timu ya Miami iliyofika fainali ya NBA 2020, leo yuko Panathinaikos ya Athens, bingwa wa Ulaya 2024, mchezaji bora wa EuroLeague 2024-25. Mtu kama huyo kurudi kukaa mwisho wa benchi anasubiri dakika nane, anarudia nini hasa?

Na sio jambo jipya hili. Bill Bradley, yule aliyekuja kuwa seneta, alikuwa anasoma Oxford huku anaruka kwenda kuichezea Milano, wakabeba ubingwa wa Ulaya 1966. Bob McAdoo akabeba mara mbili na Milano hiyohiyo, 1987 na 1988, akiwa ameshabeba ubingwa wa NBA mara mbili kwao. Dominique Wilkins akaenda Panathinaikos akabeba 1996.

Ukishamchagua wa kumfuatilia

Usianze na staa. Chagua kijana wa mwaka wa kwanza au wa pili aliyetua timu ya kati ya Ujerumani, Ufaransa au Lithuania, halafu mfuate msimu mzima. Septemba angalia kama kocha anampa mpira au anamweka pembeni asubiri pasi. Desemba angalia dakika zake za robo ya nne tu, achana na wastani wa mechi, kwa sababu makocha wa Ulaya wanamwonyesha mtu imani yao kwenye dakika tano za mwisho na sio mahali pengine. Februari kuna mapumziko ya makombe ya nchi na dirisha la timu za taifa, Wamarekani wengi wanapata siku kadhaa za kupumzika, na anayerudi akiwa mzito anaonekana wiki ileile. Aprili na Mei ndiyo soko linaanza kwa siri, tetesi zinaibuka, na hapo linganisha timu inayomtaka na ile karatasi yako ya ngazi.

Julai wote wanakutana Las Vegas kwenye Summer League, na usidhani pale ni NBA tu, majukwaani wamejaa makocha na wakurugenzi wa klabu za Ulaya wanaotazama nani amekosa mkataba. Mchezaji wako akicheza pale halafu NBA ikimnyima, mwezi huohuo simu yake inaita kutoka Istanbul au Vitoria, nyumbani kwa Baskonia, na anapewa siku mbili tatu za kuamua.

Akipotea kabisa kwenye orodha zote za Ulaya usimzike haraka. Angalia China, angalia Japani, na ligi ya Puerto Rico ambayo inachezwa wakati Ulaya inamaliza, wengi wanaunganisha misimu miwili kwa mwaka mmoja ili hela isikatike. Mwingine utamkuta amevaa suti: Trajan Langdon, bingwa wa Ulaya mara mbili na CSKA, tangu 2024 ndiye rais wa masuala ya kikapu wa Detroit Pistons, na anasaini wachezaji ambao baadhi yao, akiwakata, wanajua pa kwenda.